Safari ya Katesh na Fuso la kuazima

Hizi ni kumbukumbu za safari ya usharika wetu kupeleka msaada Katesh baada ya maporomoko ya tope. Nilikuwa naandika kwenye simu kila usiku kabla sijalala, kuna siku nilisinzia katikati ya sentensi. Nimezirekebisha kidogo tu ili zisomeke. Majina ya watu nimetoa na usharika wetu siutaji, ila ni wa Kilutheri, huku Meru nje kidogo ya Arusha.

Jumapili 3 Desemba 2023

Jumapili ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kungoja Krismasi. Nimechelewa ibada ya pili kama kawaida yangu nikakaa benchi la nyuma kabisa kwa sisi wenye bahasha za ahadi zenye sifuri. Matangazo yakaanza na mnara, maana kwetu tangu mwaka juzi ni mnara mnara mnara, kengele ilishanunuliwa iko stoo imefunikwa shuka inasubiri mnara, na mzee anayesimamia ujenzi (vijana tunamwita Mzee wa Mnara, mwenyewe anajua) anasimama kila Jumapili kusoma nani katoa na nani bado. Leo wakati anasoma nikaona watu wanaoneshana simu chini chini. Video. Tope linatembea katikati ya mji kama uji umemwagika mezani, limebeba magogo na mawe na mabati, na mtu anayerekodi anasema tu jamani, jamani, jamani.

Ni Katesh, kule Hanang, mkoa wa Manyara. Alfajiri ya leo mvua imepiga, sehemu ya mlima imemeguka, tope likafuata mto wa Jorodom mpaka mjini, watu wengi walikuwa bado wamelala. Mchungaji akaomba dua fupi kwa waathirika, tukasema Amina, akainua mkono atubariki twende kwa amani. Hapo ndipo bibi mmoja wa benchi la mbele, yule anayeuzaga magimbi, akasema kwa sauti kanisa zima likasikia: “Baba Mchungaji, twende kwa amani tukaote moto na tushibe, si ndiyo?”

Kimya. Wanaojua waraka wa Yakobo, pale anapowasema wanaomwambia mwenye shida nenda kwa amani ukaote moto ushibe bila kumpa kitu, walielewa kapigwa dongo la wapi. Mchungaji wetu bado kijana, ana miezi mitano tu hapa, akashusha mkono. Akasema wazee wa kanisa wabaki. Ile baraka alikuja kuitoa baadae lakini nusu ya watu walishasimama.

Jumatatu 4 Desemba

Sikuwa kwenye kikao, mimi sio mzee wa kanisa, nauza spea za pikipiki na naimba besi basi. Ila kikao kilifanyika kwenye ofisi ambayo dirisha lake halifungi na nilikuwa nje natengeneza jenereta, kwahiyo nilikuwepo kuliko baadhi waliokuwa ndani.

Ugomvi ulikuwa mmoja, pesa. Mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wenye shida, ulikuwa na laki moja na elfu themanini. Mfuko wa mnara milioni 7 na kitu. Mama Mwenyekiti wa wanawake akasema si tunazo hizo hapo. Mzee wa Mnara akasema hizo zina mwenyewe, watu wametoa kwa ajili ya mnara, ukizihamisha umewadanganya waliotoa. Na ukweli kwa hapo alikuwa na hoja, mimi sipendi watu wanavyomsema kama vile alikuwa anatetea mfuko wake. Akasema, “Waulizeni wenye pesa.” Basi wakakubaliana jumuiya zote, vile vikundi vyetu vya kusali majumbani, zikutane usiku huohuo kila mtu aseme, pesa yake ya mnara ibaki au iende.

Jumuiya yetu tulikutana kwa mama mmoja fundi cherehani. Watu 19. Waliosema ibaki ni 2, mmoja wao akabadilisha wakati wa chai. Mimi nilikaa kimya, sina pesa kwenye mnara.

Redioni idadi ya waliokufa imeshapita 40.

Jumanne 5 Desemba

Jumuiya zimejibu, milioni 5 na laki mbili zimeruhusiwa kwenda, zilizobaki wenyewe wamesema zikae, sawa. Idadi imepita 60.

Leo siku ya nguo. Jamani Wakristo tunatoa vitu! Viatu vya kisigino kirefu, kimoja kimoja. Gauni la bibi harusi. Suti isiyo na suruali. Sketi ambazo zipu zimekufa, soksi zimetoboka, nguo ya ndani iliyotumika (kweli kabisa, mtu ameikunja vizuri kabisa). Mama Mwenyekiti akasimama mlangoni mwa ukumbi na mizani yake ni moja tu, anakuuliza, hii ungemvalisha mtoto wako kesho akienda shule? Ukisita anakurudishia. Kuna mtu aliondoka kanuna na mfuko wake na nikadhani huyo tumempoteza, jioni akarudi na blanketi mpya mbili kwenye nailoni yake, hajasalimia mtu, kaweka kaondoka.

Kijana mmoja wa kwaya yeye akaleta wazo la bango. Bango kubwa la kuchapa, jina la usharika, picha ya kanisa na maneno ya kuguswa na maafa, lifungwe ubavuni mwa gari. Elfu 85. Nikauliza elfu 85 ni sufuria ngapi, nikaambiwa usiwe hivyo. Limechapwa.

Jumatano 6 Desemba

Soko la Tengeru. Ndio siku yake, Jumatano na Jumamosi, akina mama wameingia saa 12 asubuhi na karatasi yao. Mchungaji alipata namba ya mwinjilisti mmoja wa kule akampigia akauliza jambo moja tu ambalo sisi wengine hatukulifikiria, mnahitaji nini? Jamaa akasema nguo zimeshakuja nyingi sana, maji ya chupa yapo, leteni machepe, toroli, mabuti, ndoo zenye mifuniko, sufuria kubwa, taulo za kike, nguo za ndani MPYA, chumvi, maharage, viberiti. Basi na sisi tuna ukumbi umejaa nguo. Zikapunguzwa mpaka marobota 6, zingine zimebaki huku zitapata wenyewe, wenye shida wapo hata nyuma ya kanisa hapa.

Fuso ni la muumini mmoja wa Kiislamu, jirani ya kanisa, ana lori la kubebea mchanga. Alikuja mwenyewe akasema gari hii chukueni, mafuta wekeni nyie, dereva ni kijana wangu, mkirudi osheni. Hakutaka hata tuandikishane. Mimi nimechaguliwa kwenda sababu gari ni bovu na mimi najua bovu.

Tumepakia mpaka saa 5 usiku. Mzee wa Mnara akaja na mifuko 10 ya saruji kutoka stoo yake. Hakuna aliyeomba saruji. Nikamwuliza ya nini mzee wangu, akasema, “Kulipo na watu wengi pana choo kimejaa.” Na yeye akasema anaenda, ana miaka 67, hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Alhamisi 7 Desemba

Tumeondoka saa 10 alfajiri. Mbele dereva, Mchungaji na Mama Mwenyekiti, nyuma juu ya mzigo sisi tisa akiwemo Mzee kakalia saruji yake amejifunga shuka la Kimasai kichwani. Kisongo, Meserani, giza tupu, baridi inakata masikio. Makuyuni kunapambazuka, pale magari ya watalii yanakata kulia kwenda Karatu sisi tukanyoosha. Trafiki akatusimamisha akazunguka gari akaangalia matairi, na matairi hayo mimi mwenyewe nisingeyapitisha, akauliza mnaenda wapi. Katesh. Akakaa kimya akatoa elfu 5 mfukoni kwake akampa Mchungaji akasema endesheni polepole. Naandika hii kwa sababu nyumbani hawataniamini.

Mvua ikatukuta baada ya Minjingu, pale kwenye mgodi wa mbolea. Turubai la Fuso lilikuwa na mpasuko wa kama mita moja na nusu na lilikuwa juu ya magunia ya sembe kabisa. Tukaangaliana. Kijana wa bango mwenyewe ndiye aliyelifungua bango akalitandika, picha ya kanisa ikaangalia juu. Tulivyofika Magugu wino umeshachuruzika wote, kanisa limekuwa doa la bluu, lakini sembe kavu.

Magugu hapo gari likazima. Pampu ya dizeli imevuta hewa. Nimelala chini ya gari saa mbili unusu kwenye tope na spana namba 17, bado kichwani nina hesabu za usharika, nikawaza hii milioni 5 tungekodi gari zima tungekuwa tumeshafika. Wauza mchele wa Magugu wakaja kushangaa, wakajua tunakoenda, wakaanza kumimina kilo mbili mbili kwenye gunia letu moja tupu, lilipoanza kusimama lenyewe nikatoka chini nikaona.

Babati saa 10 jioni. Tukaambiwa Rais amefika Katesh leo, alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha safari akarudi, kwahiyo barabara ina misafara, bora tulale hapa. Tumelala kwenye ukumbi wa kanisa moja, kwenye mikeka. Viboko wa ziwa Babati nasikia wanapiga kelele usiku, mimi nilisikia Mzee wa Mnara tu anakoroma.

Ijumaa 8 Desemba

Babati mpaka Katesh kilomita 70 na kitu, lami nzuri. Ukipita Dareda ukaanza kuingia Hanang mlima unakuja wenyewe mbele yako, mkubwa, umekaa peke yake kwenye tambarare, mita zaidi ya 3,400. Nilikuwa nimeshauona zamani nikienda Singida na niliupenda. Leo una mstari. Kama mtu amekwaruzwa shavu na kucha, mstari wa kahawia kutoka juu mpaka chini, hakuna kijani. Watu juu ya gari tulikuwa tunapiga stori za Simba na Yanga zikakata zenyewe.

Mji wenyewe siwezi kuuelezea wote. Nitasema ukuta mmoja tu. Duka la rangi ya njano, tope limekauka mpaka usawa wa dirisha, umbo la mstari limenyooka kama limepimwa kwa rula, na juu ya mstari ukuta ni msafi kabisa, kuna tangazo la vocha limebandikwa halijalowa hata kidogo. Wanajeshi na zimamoto na greda zinafanya kazi, harufu ya dizeli na udongo mbichi na harufu nyingine.

Msaada wote unapokelewa sehemu moja, unaandikwa, unapewa stakabadhi. Kuna mwenzetu alitaka tugawe wenyewe mkono kwa mkono tupige na picha za kupeleka usharikani, Mchungaji akasema tufuate utaratibu wa hapa, aliyeleta kidogo na aliyeleta kingi apite mlango uleule. Tulikuwa tunafuata nyuma ya gari la msikiti mmoja wa Arusha, wamejaza magodoro mpaka yananing'inia, na mbele yao kuna watawa. Tukasaidiana kushusha. Sembe yetu ikaandikwa, maharage, ndoo, machepe, taulo za kike (aliyekuwa anaandika akasema asante kwa hizi, akarudia mara mbili). Robo saa tu mzigo wa siku tano umeisha.

Tukasimama pale na gari tupu, imebaki saruji. Nadhani wengi tulitegemea kitu fulani kitokee, sijui nini, mtu alie, mtu atushukuru. Hamna. Watu wana kazi.

Mwinjilisti wa kule akaja akatupokea, mwanaume mwembamba hajalala siku tano. Akasema walioko kambini, kwenye mashule, wanahesabika na wanakula. Wanaomsumbua yeye ni waliokimbilia kwa ndugu. Nyumba yenye watu wanne leo ina watu 15 na mwenyeji ni maskini vilevile, anaona aibu kwenda kujiandikisha maana nyumba yake haijaguswa. Akasema, “Kama mna mikono, hawa wanahitaji mikono.”

Akatupeleka kwa bibi mmoja juu kidogo ya Jorodom, nyumba ya vyumba viwili, udongo na bati. Watu 14. Shikamoo bibi, marahaba, karibuni, na hapo hapo anahangaika kutafuta mahali pa kutukalisha. Ni Mwiraqw, mfupi, Kiswahili chake cha taratibu. Mzee wa Mnara hakukaa. Alizunguka nyuma ya nyumba akarudi akatuangalia sisi wote akasema, “Nilisema nini?”

Choo kilikuwa kimejaa mpaka juu. Mvua zimeingia.

Jumamosi 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, sikusikia mtu anaitaja.

Vijana watano wamechimba tangu saa 12 asubuhi chini ya amri ya Mzee. Ardhi imeshiba maji, kuta zinadondoka, futi 6 tu maji yakaanza kuchuruzika ikabidi wahame waanze shimo lingine upande wa juu. Hawakulalamika mpaka saa 6, baada ya hapo wakalalamika kweli kweli. Mzee anawaambia mnara ungekuwa rahisi kuliko hiki, nisingeuacha. Akina mama walikuwa wanafua. Blanketi zilizotolewa kwenye tope, unafua maji ya kwanza yanatoka kama kakao, ya pili, ya tatu, ya saba. Mama Mwenyekiti vidole vimechubuka, kavaa soksi mikononi anaendelea.

Mimi nikapewa cherehani. Ni ya binti wa bibi, alikuwa na kibanda cha ushonaji kule chini, kibanda hakipo. Mume wake pia hayupo, alipatikana Jumatatu. Cherehani ilipatikana juzi kwenye tuta la matope, miguu ya chuma imepinda, kichwa kizima kimejaa udongo kama mtu kakijaza kwa makusudi. Yeye akasema tupa tu. Nikasema subiri niangalie. Sijawahi kufungua cherehani maishani, lakini chuma ni chuma.

Nimeifungua kipande kipande juu ya gunia, kila skrubu nimeipanga kwa mstari nisisahau inakorudi. Dizeli lita moja kwenye beseni, mswaki, sindano ya kushonea magunia kuchokonoa vitundu vya kuwekea oili. Mchanga wa huu mlima ni laini sana, unakaa kwenye meno ya gia kama gundi. Mtoto wa yule dada, kama miaka 7, alikaa pembeni anashika skrubu, kila nikimwomba moja anaipuliza kwanza ndio ananipa. Boksi ya kuwekea uzi wa chini ilikuwa imekwama na kutu, ikanichukua saa nzima peke yake. Saa 9 gurudumu likazunguka nusu likakwama. Saa 10 likazunguka lote. Nikatia oili nikalizungusha kwa mkono, sindano ikapanda ikashuka, ile sauti yake, tak tak tak.

Yule dada alikuwa anaosha vyombo na mgongo wake umetugeukia. Akaacha. Hakugeuka muda mrefu. Kisha akaja akaipima kwa mkono wake akasema mkanda umelegea. Nikasema ndio, mkanda umelegea. Akasema huu haufai, inabidi mpya, na sindano hii ni namba 14, mimi natumia 16. Nikamwambia nitatuma. Basi hivyo ndivyo tulivyoongea, habari za mkanda tu.

Jumapili 10 Desemba

Tumesali na wenyeji. Ibada ilikuwa fupi. Wataalamu wa serikali walishasema redioni kwamba hii si volkano, ni miamba laini juu ya mlima ilinyonya maji ikazidiwa ikaporomoka, na mwinjilisti akairudia hiyo hiyo madhabahuni kwa sababu kuna watu wanazunguka wanasema ni laana, watu wa mji huu walikuwa na dhambi. Akasema waliokufa si wenye dhambi kuliko sisi tuliokaa hapa. Halafu akakaa chini. Nimesikia mahubiri mengi marefu na sikumbuki hata moja.

Mchana tukaombwa kwaya iende kwenye maziko ya watoto wawili waliopatikana jana. Tulikuwa tumekuja na sare, vitenge vya krismasi, mwalimu wa kwaya alizipakia chini kabisa ya Fuso zisichafuke. Zikabaki huko huko. Tumeimba na mabuti na kanga na tisheti za kuchimbia choo, bila kinanda, sauti ya kwanza alikosa pumzi katikati ya ubeti wa pili na mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa upande wa pili wa kaburi, ambaye wala si wa kanisa letu, akaudaka wimbo akaumalizia. Siandiki zaidi hapo.

Jioni Mzee kamaliza choo. Kuta za mabanzi, bati mbili, na sakafu ya zege kaimwaga leo, akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kwa sasa watumie mbao za pembeni, zege asikanyage mtu siku saba. Aliwakusanya watoto wote wa nyumba akawahesabia siku kwa vidole mpaka Jumapili ijayo. Saruji iliyobaki, mifuko 6, kamwachia mwinjilisti kwa ajili ya nyumba zingine mbili zenye shida hiyo hiyo, ila kamwandikisha kwenye daftari. Mchungaji akacheka akasema mzee unawadai? Akasema siwadai, naandika tu, vitu vya kanisa vinaandikwa.

Jumatatu 11 Desemba

Kurudi. Bibi katutolea boga. Kubwa, la kijani lenye mabaka, limetoka kwenye kipande chake cha shamba ambacho tope halikufika. Mchungaji akaanza ooh hapana bibi, nyie mna watu 14, Mama Mwenyekiti akamkanyaga mguu nikaona kwa macho yangu. Akapokea kwa mikono miwili. Bibi akasema, “Mkaniwekee sadaka kwenu.”

Nimerudi nimekaa nyuma na hilo boga katikati ya miguu. Redio ya dereva inasema kaya 1,150 zimeathirika, watu 5,600. Sisi tumegusa nyumba moja, na choo bado hakijakauka. Nilikuwa najaribu kufanya hesabu hiyo mpaka Makuyuni nikaiacha. (Idadi ya vifo ilikuja kusimama kwenye 89, hii naongeza sasa.)

Tumeosha gari usiku huohuo kama tulivyokubaliana. Mwenye gari akaja kuangalia, akauliza turubai lina nini hili, nikamwonesha bango. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili 17 Desemba

Hesabu zimesomwa madhabahuni, kila kitu, mpaka elfu 85 ya bango na elfu 5 ya trafiki. Salio la mnara lilivyosomwa mtu mmoja nyuma akaguna, na Mzee wa Mnara akasimama akasema anayeguna aje ofisini na bahasha yake tuone alitoa ngapi. Nilidhani safari imembadilisha. Wapi! Akaendelea kusoma orodha na jina langu likawemo.

Baada ya ibada mnada nje kama kawaida, mayai, mkungu wa ndizi, trei ya maandazi, halafu boga. Kwetu kitu kizuri mtu ananunua kisha anakirudisha kinauzwa tena, kuku mmoja anaweza kuuzwa mara nne. Boga likaanza elfu 2. Dalali akasema limetoka Katesh kwa bibi gani, likafika elfu 10, 15, 22. Yule mama fundi cherehani wa jumuiya yetu akapiga 25, nikajua anapiga kwa sababu gani maana ndiye aliyenipa mkanda na sindano namba 16 kupeleka kwa basi juzi, hakutaka pesa. Mzee wa Mnara akasema elfu 40. Likaishia hapo.

Watu wakaanza kupiga makofi wakisubiri alirudishe. Akalichukua begani akaondoka nalo. Dalali anamwita, mzee, mzee! Akajibu bila kugeuka kwamba ameshalipa.

Jioni nilipita kwake kumlipa kidogo kwenye ahadi yangu, nikamkuta anakula na mke wake, wakanikaribisha. Boga la kuchemsha na chai ya rangi. Lilikuwa la majimaji kidogo, mvua ilizidi mwaka huu.